Barua ya wazi kwa Kamati ya Uendeshaji: kazi mliyoitia bei, ilipeni

Kwa: Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Uendeshaji,
Mradi wa programu huria ya maduka na maghala,
Unguja.

YAH: MALIPO YA VIBARUA WANAOFANYA KAZI NDOGO NDOGO ZA MRADI

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum.

Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimekwisha. Nimemwandikia Mshika Fedha, nimemwandikia Katibu, nimepiga simu, na jibu la mwisho nililopata ni ile alama ya kidole gumba. Wenzangu nao wana majibu ya namna hiyo hiyo kwenye simu zao. Sitataja jina la mradi wala la mtu yeyote, maana sikukusudia kumfedhehesha mtu. Wanaohusika wanajijua. Na wachangiaji wa miradi mengine ya programu huria, hapa Visiwani na bara, watapima wenyewe kama yanawahusu.

Kwa asiyetujua: mradi wetu unatengeneza programu ya kuendesha duka. Inaweka mauzo, bidhaa zilizobaki na daftari la mkopo. Inatumika bure, msimbo wake, yaani maandishi ya amri zinazoiendesha, uko wazi kwa kila mtu, na imejengwa na watu wa kujitolea, nami nikiwa mmojawao. Michango ya fedha ilipoanza kuingia, Kamati iliamua kwamba kazi kubwa ziendelee kwa kujitolea, na zile ndogo ndogo ambazo kila mtu anazikwepa zitiwe bei na kupewa yeyote anayeziweza. Kurekebisha hitilafu moja, kufasiri kurasa za msaada, kujaribu toleo jipya kwenye mashine za kweli. Uamuzi ule niliuunga mkono, na leo pia nauunga mkono. Ninacholalamikia ni namna unavyotekelezwa.

1. Bei hutajwa baada ya jasho.

Kazi hutangazwa kwa maneno kama "malipo yapo" au "tutaangaliana". Tutaangaliana vipi? Hapa Pemba msimu wa karafuu ukiingia, hakuna kijana anayepanda mkarafuu bila kujua pishi ni kiasi gani. Mwenye shamba na mchumaji wanaweza kuvutana asubuhi nzima, lakini wanavutana chini ya mti, kabla mtu hajajiponza kwenye tawi. Jioni kinachopimwa ni pishi. Hakuna anayepima uchovu wa huyu wala furaha ya yule. Nyinyi mmetufanya tupande kwanza.

Mwenzangu mmoja wa Wete alirekebisha hitilafu ya daftari la mkopo: mteja akilipa nusu ya deni, programu ilikuwa inaijumlisha ile nusu badala ya kuitoa. Akalipwa pesa ambayo haikurudisha hata bando alilotumia. Alipouliza, akaambiwa mabadiliko yenyewe ni mistari minne tu. Ni kweli, ni minne. Lakini kujua ni minne ipi kulimtaka asome msimbo wa mtu mwengine, ulioandikwa bila maelezo, mpaka aelewe deni linaingia wapi na linatokea wapi. Anayelipa kwa kuhesabu mistari atapata mistari mingi.

2. Kazi hukua njiani, bei hubaki pale pale.

Hili nitalieleza kwa urefu kwa sababu limenifika mwenyewe, na mazungumzo yake yote yako wazi kwenye hazina ya msimbo, pale mtandaoni unapowekwa msimbo wetu wote, kwa anayetaka kuyasoma.

Tiketi, yaani tangazo la kazi yenyewe, ilisema: risiti isomeke kwenye printa ya karatasi ya milimita 58. Hiyo ndiyo printa iliyojaa madukani Chake Chake na Wete, ile ndogo ya Bluetooth inayobebwa mkononi. Programu ilikuwa inapanga risiti kwa karatasi ya milimita 80. Kwa herufi za kawaida karatasi ya 80 inabeba herufi 48 kwa mstari, na ya 58 inabeba 32. Matokeo yake jina la bidhaa linakatika, bei inateremka mstari wa pili, na mteja anadhani ametozwa mara mbili. Kazi ilikuwa kupanga upya safu tatu, yaani jina, idadi na bei, ndani ya nafasi 32. Malipo shilingi 60,000. (Safari hii bei ilitajwa mapema, nakiri, na nilifurahi sana.)

Nikaimaliza, nikaituma. Mkaguzi, yule anayepitia kazi kabla haijapokelewa, akasema ni nzuri, ila afadhali mpangilio ujibadilishe wenyewe kulingana na printa, ili wenye karatasi ya 80 wasiharibikiwe. Ombi la haki, nikalifanya. Akarudi: vipi kama nembo ya duka itachapwa juu ya risiti? Nembo ni picha, na picha kwenye printa hizi hutumwa nukta kwa nukta, 384 kwa upana. Printa za bei rahisi kila moja ina vituko vyake. Moja inachapa vizuri, nyengine inatema karatasi tupu mpaka uzime. Nikapambana nayo. Kisha ikagundulika kuwa programu inatuma amri ya kukata karatasi, na printa nyingi za 58 hazina kisu, kwa hiyo baadhi yao zilikuwa zinaigeuza amri ile kuwa herufi za ajabu chini ya risiti. Nikaiondoa. Mwisho nikaombwa niandike na mwongozo wa mwenye duka, wenye picha.

Kila ombi likiwa peke yake lilikuwa na maana, na mkaguzi yule ni mtu mwema ambaye naye hapati senti. Lakini zikihesabiwa ni kazi tano. Bei ni ya moja, na hiyo moja nilikuwa bado naisubiri nilipoanza kuandika barua hii.

3. Malipo yamefungwa kwenye ukaguzi usio na siku.

Sharti lenu ni kwamba hakuna kulipwa mpaka kazi iunganishwe kwenye tawi kuu, yaani nakala rasmi ya msimbo. Sharti zuri, linawalinda na kazi mbovu. Tatizo ni kwamba wakaguzi ni wachache, ni wa kujitolea, na wana kazi zao mchana. Kazi iliyokamilika inakaa. Ikikaa, tawi kuu linasonga mbele, wengine wanagusa mafaili yale yale, na siku mkaguzi anapoifungua inakuwa haiunganiki tena. Kibarua anarudishwa kuirekebisha ilingane na msimbo mpya, bure, na akiirudisha inaingia foleni upya.

Hadithi ya kumlipa kibarua kabla jasho lake halijakauka mnaijua nyote, na mwengine kati yenu ameisikia kwenye khutba mara nyingi kuliko mimi, kwa hiyo sitaisherehesha.

4. Kazi moja, watu wawili.

Tiketi haina pa kuandika nani ameishika. Watu wawili wanaifanya bila kujuana, anayetangulia kutuma analipwa, wa pili anapewa pole. Kwa sisi wa Visiwani mbio hizo hazina usawa hata kidogo. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti nchi nzima ilisuasua, na mtu aliyekuwa na kiraka chake (marekebisho ya msimbo) tayari hakuwa na pa kukipitisha. Kuandika jina kwenye tiketi ni jambo la dakika moja. Sielewi kwa nini mpaka leo halijafanyika.

5. Anayeikuta hitilafu anapewa shukrani, anayeirekebisha anapewa pesa.

Dada mmoja wa Unguja alijitolea kujaribu toleo jipya kwenye maduka ya kweli. Akagundua kwamba kaunta mbili zikiuza bidhaa ile ile kwa wakati mmoja, hesabu ya ghala inashuka chini ya sifuri. Hakusema tu "programu ina shida". Aliirudia hitilafu mpaka akajua inatokea lini, akaandika hatua zake moja moja, akaambatanisha picha. Kwa maelezo yale, aliyerekebisha alikuwa na kazi nyepesi sana. Yeye akalipwa. Dada akatajwa kwenye orodha ya shukrani, na jina lake likaandikwa kimakosa.

Wafasiri nao ni hivyo hivyo. Kurasa za msaada za Kiswahili ndizo zinazofanya programu hii itumike na mwenye duka wa Konde, na kila mkiomba fedha kwa wafadhili hizo ndizo mnazoanza nazo. Zikifika kwenye hesabu za malipo zinageuka "mchango wa jamii".

6. Fedha hutumwa kwa njia ambayo hatuwezi kuipokea.

Kwa miaka mingi tulio Tanzania tumeweza kulipia vitu kwa PayPal, lakini kupokea hatukuweza. Hili si siri. Hata hivyo mwenzangu alipoambiwa ataje namna ya kulipwa, hiyo ndiyo iliyokuwa chaguo la kwanza. Chaguo la pili lilikuwa huduma ya kigeni inayotaka pasipoti, jina la mtaa, namba ya nyumba na namba ya posta. Sisi tuna shehia. Tuna Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Tuna pesa za simu, ambazo hata muuza urojo anapokea. Kamati iko Unguja na mnufaika yuko Pemba, bahari moja katikati, na fedha inataka izungukie Marekani. Ikitokea kuzunguka, makato ya njiani ni ya kibarua.

Sasa naja kwenye majibu ambayo najua mtanipa, kwa kuwa mengine mmeshanipa.

Mtasema mradi ni wa kujitolea. Ndiyo, na mimi bado najitolea. Viraka vingi nilivyotuma havikuwa na bei, na sijawahi kuvidai. Kilichotiwa bei ni jambo jengine. Siku mlipoandika "malipo yapo" mliniajiri kibarua, na ule mkataba mdogo hamwezi kuugeuza sadaka yangu siku ya kulipa. Kujitolea kwangu kunatoka kwangu. Hakuwezi kuamuliwa na Mshika Fedha baada ya kazi kuisha.

Mtasema pesa inaharibu moyo wa kujitolea, na hapa mjumbe mmoja hupenda kutaja Debian, mfumo huria wa kompyuta unaojengwa na watu wa kujitolea. Kisa ni cha kweli. Mwaka 2006 kundi lililojiita Dunc-Tank lilichangisha fedha ili wasimamizi wawili wa toleo waifanyie Debian kazi muda wote, kila mmoja kwa mwezi mmoja. Baadhi ya wa kujitolea walichukia, wengine wakapunguza kasi makusudi, na toleo la Etch lililotarajiwa Desemba 2006 likatoka Aprili 2007. Lakini tukisome kisa hicho mpaka mwisho. Ugomvi ule ulihusu nani amechagua wa kulipwa, kwa idhini ya nani, na kwa nini hawa na si wale. Dawa yake ni kuweka masharti wazi kwa kila mtu, jambo ambalo ndilo ninaloliomba. Mkiendelea kulipa kimya kimya kwa namna isiyoeleweka, mnakwenda kule kule mnakokuogopa.

Na wanaotaja Debian wataje na OpenSSL. Aprili 2014, hitilafu ya Heartbleed ilipotangazwa, dunia ikashangaa kusikia kwamba programu iliyolinda sehemu kubwa ya tovuti zake ilikuwa mikononi mwa watu wachache mno, wakipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Moyo wa kujitolea ulikuwepo tele. Mikono ya kusoma msimbo ndiyo iliyokuwa haitoshi.

Mtasema mfuko ni mdogo. Basi tangazeni kazi chache. Kazi tatu zenye bei ya kweli zina maana kuliko ishirini zenye "tutaangaliana". Mfuko mdogo hauzuii mtu kutaja bei. Unamzuia tu kutaja bei kubwa, na hiyo hatukuiomba. Kuna mjumbe aliyesema Pemba maisha ni nafuu kwa hiyo tulipwe kidogo kuliko wa Dar es Salaam. Kuna miradi inayopanga hivyo: Google katika Summer of Code, mpango wake wa kulipia kazi za programu huria, ilianza 2005 kwa kiasi kimoja kwa wanafunzi wote, na tangu 2017 inapanga kiasi kwa kila nchi. Tofauti ni kwamba wanakichapisha kabla mtu hajaomba. Kama mnataka kupanga kwa wilaya, andikeni jedwali lenu tulione, kisha tutajadiliana. Mimi binafsi nitalipinga, kwa sababu risiti haijui imepangwa Chake au Kariakoo, na bei ya umeme wa Tukuza haipungui nikisema najitolea.

Mtasema kodi. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano na TRA wako huku pia. Kama kuna kodi ya zuio ya kukata, kateni, tupeni na karatasi yake. Hakuna kati yetu aliyeomba kulipwa kwa kujificha.

Liko jibu moja ambalo nalipokea: mkitangaza bei wazi, watafurika watu wenye viraka vilivyoandikwa na akili mnemba, wasivyovielewa, kwa tamaa ya hizo shilingi. Hofu hiyo ni ya haki. Daniel Stenberg, mwanzilishi wa curl, programu huria ya kuhamisha data mtandaoni, amelalamika hadharani kuhusu ripoti za hitilafu za namna hiyo, zinavyokula muda wa wakaguzi. Lakini hilo halitibiwi kwa kuficha bei. Kazi zenye malipo wapewe kwanza waliowahi kuunganishiwa hata kiraka kimoja bila malipo, na anayeshika kazi aweze kueleza kwa maneno yake alichokifanya. Mgeni aanze na zisizo na bei. Wengi wetu tulianza hivyo.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunayaomba kwa pamoja, si moja moja kwa awamu.

Kila tiketi yenye malipo itaje bei kwa shilingi, itaje kazi inaishia wapi, na iandikwe jina la aliyeishika pamoja na siku ya mwisho ya kuishika. Siku ikipita, iachiwe mwengine. Ombi lolote la mkaguzi linalovuka mpaka ulioandikwa lifunguliwe tiketi mpya, yenye bei yake au yenye neno "kujitolea" waziwazi, ili mtu akubali au akatae.

Ukaguzi uwe na muda. Tunapendekeza wiki mbili. Zikipita bila neno, nusu ya malipo itoke, na nusu ibaki mpaka kazi iunganishwe. Kama wakaguzi hawatoshi, basi ukaguzi wenyewe utiwe bei. Nimeshangaa siku zote kwamba kazi ngumu kuliko zote ndiyo pekee ambayo hakuna aliyefikiria kuilipia.

Ripoti ya hitilafu iliyokamilika, yenye hatua za kuirudia, ipate sehemu yake ya malipo ya hitilafu ile. Kurasa zinazofasiriwa zitangazwe kwa bei kama kazi nyengine.

Malipo yafanywe kwa pesa za simu au benki ya hapa, makato yalipwe na mfuko, na kitambulisho cha Mzanzibari kitoshe. Kila robo mwaka ichapishwe orodha ya kilichoingia, kilichotoka na kazi iliyolipiwa. Miradi mingi inayohifadhi fedha zake Open Collective, tovuti ya kusimamia fedha za miradi, huonesha kila tumizi kwa yeyote anayefungua ukurasa, na haijafa kwa aibu.

Mwisho, madeni ya nyuma. Sisi tuliosaini barua hii tumekusanya tiketi zetu zote zilizounganishwa na ambazo hazijalipwa, na orodha yake tumeiweka kwenye hazina ya msimbo, kila moja na kiungo chake. Kama kuna tuliyokosea, isahihisheni hapo hapo, hadharani.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 30. Katika muda huo hitilafu za usalama tutaendelea kuzirekebisha bila kuuliza pesa, na maswali ya wenye maduka tutayajibu kama kawaida, kwa kuwa wao hawana kosa. Kazi zenye maneno "malipo yapo" hatutazigusa. Siku tiketi ya kwanza itakapotoka na bei yake, mpaka wake na pa kuandika jina, nitakuwa wa kwanza kuandika langu.

Wenu katika ujenzi wa programu huria,

Mchangiaji na kibarua wa mradi,
Chake Chake, Pemba,
kwa niaba yangu na ya wenzangu wa Wete, Mkoani na Unguja.

Nakala: Wafadhili wa mradi, wachangiaji wote.